PostgreSQL Siku Mambo Yanapokwama: Tathmini ya Zana Zake za Kutafuta Kasoro

Tathmini nyingi za programu za kanzidata hupima kasi ya kusoma na kuandika, wingi wa data zinazoweza kubebwa, na gharama za leseni. Hayo yote yana maana, lakini hayamsaidii sana mtu ambaye mfumo umekwama mikononi mwake katikati ya saa za kazi, simu zinaita, na msimamizi wake amesimama nyuma ya kiti akiuliza kila mara itachukua muda gani. Katika tathmini hii nimeipima PostgreSQL kwa jambo moja tu: inamtendeaje mtu anayetafuta chanzo cha tatizo, na je, inamlipa anayekubali kutazama kabla ya kugusa? Nimeitumia kazini kwa miaka mingi, nikiwa miongoni mwa wanaoitwa mambo yanapoharibika, na maoni yangu ni kwamba inamlipa mtulivu kuliko kanzidata nyingine yoyote niliyowahi kuihudumia, ila haijisumbui vya kutosha kumsaidia mtu atulie. Mipangilio inayokuja nayo ni bahili wa taarifa, na baadhi ya zana zake hunyamaza pale ambapo ukimya ndio humchanganya mtu.

Programu hii ina malezi ya chuoni. Ilianza mwaka 1986 kama mradi wa utafiti ulioitwa POSTGRES, chini ya Michael Stonebraker, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katikati ya miaka ya 1990 Andrew Yu na Jolly Chen wakaiwekea SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali, na mwaka 1996 ikapata jina la sasa. Naziona alama za malezi hayo katika namna inavyojieleza, kwa sababu karibu kila kinachoendelea ndani yake kinaweza kusomwa kama jedwali, kwa SQL ileile ambayo mtu huitumia kutafuta ankara za wateja. Huhitaji kununua programu ya pembeni ili kujua nani anamsubiri nani. Jambo hilo huonekana dogo mpaka ulilinganishe na mifumo ambayo taarifa za namna hiyo hutolewa kama kurasa za maandishi yaliyobanana, yasiyochujika wala kupangika, nawe unatakiwa uyasome kwa macho huku umezungukwa na watu.

Pa kuanzia ni pg_stat_activity, jedwali la wote waliounganishwa na seva kwa wakati huo. Kila muunganisho una mstari wake, na mstari huo husema ni nani aliyeunganishwa, muamala wake (kundi la amri zinazokubaliwa au kutanguliwa kwa pamoja) ulianza lini, hali yake ni ipi, na kama anasubiri, anasubiri nini. Tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, safuwima za wait_event_type na wait_event hutaja aina ya kinachosubiriwa, kama vile kufuli, yaani haki ya kulishika jedwali au mstari inayoweza kuwazuia wengine, na tangu toleo la 10 hutaja pia diski, au mteja mwenyewe aliye upande wa pili wa mtandao. Kuna mtego mmoja wa usomaji ambao huwanasa wenye haraka. Safuwima ya query huonyesha swali linaloendelea ikiwa muunganisho uko kazini, lakini ikiwa umepumzika, huonyesha swali la mwisho, lililokwisha zamani. Nimewaona watu wazoefu wakiliona swali refu kwenye safuwima hiyo, wakalishutumu, wakaukata muunganisho, kumbe swali lenyewe lilishamalizika nusu saa kabla. Anayeanza na safuwima ya state hawezi kunaswa hivyo, lakini anayekimbizwa huvutwa na maandishi marefu.

Thamani ya kuuliza polepole niliiona vizuri asubuhi moja, pale mfumo wa maombi uliohudumiwa na kitengo chetu uliposimama. Kurasa zilianza kufunguka kwa shida, kisha hazikufunguka kabisa, na baadaye kanzidata ikaanza kuwakataa wateja wapya kwa sababu nafasi za kawaida kati ya miunganisho 100 inayoruhusiwa zilikuwa zimejaa. Pendekezo la kwanza lilikuwa kuizima seva na kuiwasha. La pili lilikuwa kuongeza max_connections, yaani kikomo hicho cha miunganisho, jambo ambalo nalo huhitaji kuizima na kuiwasha. Lakini kichakataji kilikuwa karibu hakina kazi, na diski vilevile, na seva iliyolemewa haiwi katika hali hiyo. Kwa bahati nzuri PostgreSQL hutenga nafasi 3 kati ya hizo 100 kwa ajili ya msimamizi mkuu, kwa hiyo tuliweza kuingia hata wakati wengine wote walikuwa wamefungiwa nje. Karibu kila mstari wa pg_stat_activity ulikuwa na neno Lock, yaani ulikuwa unasubiri kufuli.

Hapo ndipo funksheni ya pg_blocking_pids, iliyoingia nayo katika toleo la 9.6, ilipofanya kazi yake: unaipa namba ya mchakato unaosubiri, nayo inakurudishia namba za wanaouzuia. Njia zote ziliishia kwenye amri moja ya ALTER TABLE, iliyotakiwa kuongeza safuwima kwenye jedwali la maombi. Mtu angeweza kukomea hapo, akaiua amri ile, akamlaumu aliyeituma, na watu wote wangeridhika. Mwenzetu mmoja akaiuliza tena funksheni ileile, safari hii kuhusu ALTER TABLE yenyewe, ikabainika kwamba nayo ilikuwa inasubiri. Iliyoizuia ilikuwa programu ya mezani ya mtumiaji aliyesoma mistari michache tangu asubuhi, akaenda kwenye kikao, na kuuacha muamala wake wazi katika hali iitwayo idle in transaction.

Mantiki yake ni rahisi ukishaijua. Kusoma tu huchukua kufuli jepesi kwenye jedwali, linaloitwa ACCESS SHARE, ambalo haligombani na wasomaji wala na waandishi wa kawaida, na ambalo hushikwa mpaka muamala ufungwe. ALTER TABLE ya aina ile huhitaji ACCESS EXCLUSIVE, linalogombana na kila mtu. Likishaombwa, kila anayekuja baadaye hupanga foleni nyuma yake, hata kama angeweza kabisa kuelewana na yule anayelishikilia jedwali wakati huo. Kwa hiyo msomaji mmoja asiye na kazi aliizuia amri moja, na amri hiyo moja ikauzuia mfumo mzima. Kumwondoa yeye peke yake kulitosha. Amri ya pg_cancel_backend haisaidii katika hali hiyo, kwa kuwa hakuna swali linaloendelea la kusitishwa. Pg_terminate_backend ndiyo iliyoukata muunganisho, ALTER TABLE ikapita mara moja, na foleni ikaisha kabla ya barua ya kuomba ruhusa ya kuzima seva kumaliziwa kuandikwa.

Tukubali kwamba kuwasha upya kungeliondoa tatizo vilevile, na ndiyo sababu dawa hiyo inapendwa. Tofauti ni kwamba yaliyomo katika pg_stat_activity na pg_locks, jedwali la makufuli, huishi kwenye kumbukumbu ya seva na hufutika inapozimwa, hivyo tungebaki na mfumo unaofanya kazi bila hata dokezo moja la nani alikuwa ameshika nini, na programu ile ya mezani ingeendelea kuacha miamala wazi kesho na keshokutwa. Chanzo kilipojulikana, tiba haikuzidi mipangilio miwili. Wa kwanza ni idle_in_transaction_session_timeout, ambao usipowekwa huwa sifuri, yaani kanzidata iko tayari kumvumilia mtu wa namna ile milele. Wa pili ni lock_timeout fupi kabla ya kila badiliko la muundo wa jedwali, ili amri iliyokosa nafasi ikate tamaa yenyewe badala ya kuziba njia.

Zana ninayoithamini kuliko zote, hata hivyo, ni EXPLAIN. Ukiitanguliza mbele ya swali, kanzidata haikupi majibu ya swali bali mpango iliouchagua wa kulitekeleza: itaanza na jedwali lipi, itatumia faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji) au itapitia mistari yote, na itayaunganisha majedwali kwa njia gani. Ukiongeza ANALYZE, hulitekeleza swali kwelikweli na kuandika kando ya kila hatua idadi ya mistari iliyotarajiwa na idadi iliyopatikana. Neno kwelikweli lichukuliwe kama lilivyo, maana EXPLAIN ANALYZE ya DELETE hufuta data. Anayetaka kuipima amri ya namna hiyo huifungia kati ya BEGIN na ROLLBACK, yaani huanza muamala kisha akautangua, na akumbuke kwamba makufuli yake yanashikiliwa muda wote huo.

Utajiri wa zana hii uko kwenye pengo kati ya namba hizo mbili. Chukua ripoti iliyozoea kutoka kwa sekunde chache, kisha ikaanza kuchukua dakika nyingi bila mtu kubadilisha hata herufi moja ya swali lake. Ushauri wa haraka huwa ni kuongeza faharasa, na mara nyingi huongezwa mbili tatu kwa kubahatisha, kila moja ikiongeza mzigo kwenye kila uandishi wa baadaye, sawa na mganga anayechoma sindano kabla ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Mpango ukisomwa taratibu, kutoka hatua za ndani kwenda za nje, hufikia mahali ambapo mpangaji wa kanzidata alitarajia mstari mmoja akapata mamia ya maelfu. Kwa kuamini kwamba ni mstari mmoja alichagua nested loop, yaani njia ya kurudia kazi ya ndani kwa kila mstari wa nje. Kwa mstari mmoja hakuna njia nzuri kuliko hiyo, na kwa mamia ya maelfu ni balaa. Faharasa mpya isingegusa kiini cha jambo hilo hata kidogo.

Swali linalobaki ni kwa nini mpangaji alikadiria vibaya, na mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Huenda takwimu za jedwali zimechakaa. Kwa mipangilio ya kawaida, autovacuum, mtunzaji wa majedwali anayefanya kazi chinichini, huzikusanya upya baada ya takribani asilimia 10 ya mistari kubadilika, na katika jedwali la mistari milioni mia moja hiyo ni mistari milioni kumi, kwa hiyo data za karibuni, ambazo ndizo ripoti nyingi huziulizia, zinaweza kuwa hazijulikani kabisa kwa mpangaji. Amri moja ya ANALYZE (hii ni amri inayojitegemea ya kukusanya takwimu, si chaguo la EXPLAIN) kwenye jedwali hilo humaliza kazi. Au huenda swali linachuja kwa safuwima mbili zinazotegemeana, kama vile modeli ya gari na kampuni iliyolitengeneza. Mpangaji huzichukulia safuwima hizo kuwa hazihusiani, huzidisha uwezekano wa moja kwa uwezekano wa nyingine, na kufikia namba ndogo isiyo na ukweli. Tangu toleo la 10 la mwaka 2017 ipo CREATE STATISTICS ya kumjulisha kwamba zinahusiana, na bado nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoitumia.

Usomaji huo una mitego yake. Muda unaoandikwa kwenye hatua iliyorudiwa ni wastani wa mzunguko mmoja, si jumla, hivyo hatua inayoonekana kuchukua sehemu ya milisekunde inaweza kuwa ndiyo iliyokula muda wote ikiwa imerudiwa mara laki tatu. Tena, swali likitumwa mara ya pili hukuta kurasa za data zimeshaletwa kwenye kumbukumbu, likaenda kasi, na mtu akatangaza ushindi kwa badiliko ambalo halikubadilisha kitu. Chaguo la BUFFERS hutenganisha kurasa zilizokutwa kwenye kumbukumbu ya kanzidata na zile zilizosomwa kutoka nje yake, na wanastahili pongezi waliofanya toleo la 18 la mwaka 2025 liliwashe lenyewe pamoja na ANALYZE. Umbo la matokeo bado linachosha: mpango wa swali kubwa hujaa skrini kadhaa, mishale imepangwa kwa kuingia ndani hatua kwa hatua, na wengi hukata tamaa kabla ya kuifikia hatua yenye kosa.

Sasa niseme kinachoniudhi. Kanzidata inayomtaka mtu avumilie inapaswa kumwambia kwamba bado inafanya kazi, na kwa miaka mingi PostgreSQL haikufanya hivyo. Tukio linalojulikana zaidi ni la GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, la tarehe 31 Januari 2017, ambalo kampuni yenyewe ililieleza hadharani kwa uwazi wa kupigiwa mfano. Kanzidata yao ya pili ilikuwa imeachwa nyuma na ile kuu, na mhandisi alikuwa akijaribu kuijenga upya kwa pg_basebackup usiku, baada ya siku ndefu. Chombo hicho, kabla ya kuanza kunakili, husubiri kanzidata kuu imalize checkpoint, yaani kuandika kwenye diski mabadiliko yaliyo kwenye kumbukumbu, na wakati huo kilikuwa kinasubiri kimya, bila neno. Kilionekana kimeganda. Mhandisi akadhani kwamba kinakwazwa na saraka ya data iliyobaki, akaamua kuifuta, akaifuta kwenye seva kuu badala ya ile ya pili. Alipozinduka na kuisitisha amri, takribani GB 300 zilikuwa zimekwenda na zimebaki GB 4.5. Nakala rudufu zilizotegemewa zikakutwa hazipo au hazifai, na waliokolewa na nakala ya diski iliyochukuliwa saa sita hivi kabla, kwa hiyo data za saa hizo sita hazikurudi. Kuna mengi ya kulaumiwa katika usiku ule, na lililo kubwa ni nakala rudufu ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu. Hata hivyo siwezi kuuondolea lawama ukimya wa chombo. Mtu aliyechoka akiona skrini isiyosogea hawezi kujua kama asubiri au aingilie kati, na chombo kilichotengenezwa vizuri kisingemwachia afanye kazi ya kubahatisha.

Inaonekana watengenezaji wamelisikia hilo, polepole. Katika toleo la 10 saraka ya pg_xlog ilibadilishwa jina ikawa pg_wal, kwa sababu watu waliokumbwa na diski iliyofurika walikuwa wakiona neno log, wakadhani ni maandishi ya zamani yasiyo na kazi, wakayafuta, kumbe ndiyo kumbukumbu ya mabadiliko ambayo bila hiyo kanzidata haiwezi kujirejesha. Toleo la 12 la mwaka 2019 lilileta pg_stat_progress_create_index, ambayo huonyesha ujenzi wa faharasa umefikia wapi, nao ni msaada mkubwa kwa sababu CREATE INDEX CONCURRENTLY hulazimika kusubiri miamala ya zamani imalizike, na anayeisitisha kwa kudhani imekwama huachiwa faharasa batili ya kuifuta mwenyewe. Toleo la 15 la mwaka 2022 liliongeza log_startup_progress_interval: kanzidata inapojirejesha baada ya kuanguka, huandika kila sekunde 10 kwamba iko kazini na imefika wapi. Kabla ya hapo niliwahi kushuhudia seva ikizimwa kwa nguvu katikati ya kujirejesha na watu walioamini imekufa, nayo ikawa inaianza kazi ileile upya. Wa jamaa yao ni wale wanaoliua swali moja kwa kill -9, amri ya mfumo ya kuua mchakato papo hapo. Mchakato mkuu huchukulia kwamba kumbukumbu ya pamoja huenda imeharibika, hukata miunganisho yote, na kuanza kujirejesha, hivyo aliyetaka kumwondoa mtu mmoja huwa amewatoa wote.

Ubahili wa mipangilio ya mwanzo ndio uliobaki, na hapo ndipo ninapoipunguzia alama nyingi zaidi. Mpangilio wa log_min_duration_statement huja ukiwa -1, yaani hakuna swali lolote linaloandikwa kwa sababu ya kuchelewa. Katika matoleo niliyoyahudumia, log_lock_waits huja imezimwa, ingawa ingewashwa ingeandika kila anayesubiri kufuli kwa zaidi ya sekunde 1. Kinachouma zaidi ni pg_stat_statements, nyongeza inayojumlisha muda wa kila aina ya swali na kumwonyesha mtu mzigo unatoka wapi hasa. Haifanyi kazi mpaka itajwe katika shared_preload_libraries, na kuitaja huko huhitaji kuwasha seva upya. Matokeo yake ni kwamba siku ya tatizo, yule anayeihitaji kuliko wote hutakiwa afute ushahidi alionao ili apate chombo cha kukusanya ushahidi mwingine. MySQL, kanzidata nyingine, ambayo kwa EXPLAIN ANALYZE ilichelewa mpaka toleo la 8.0.18 la mwaka 2019, katika hili imeitangulia, kwani performance_schema yake huja imewashwa na hujumlisha maswali bila kuombwa.

Kwa taasisi yenye angalau mtu mmoja anayeweza kuketi na mpango wa swali na kuusoma hadi mwisho, ningeipendekeza PostgreSQL bila kusita. Haina ada ya leseni, nyaraka zake rasmi ni miongoni mwa zilizoandikwa vizuri zaidi katika fani hii, na kila swali nililoliuliza nikielewa ninachouliza limejibiwa. Kwa taasisi ambayo kila tatizo hukabidhiwa yeyote aliye zamu, pamoja na ruhusa ya kuzima na kuwasha, utajiri huo utalala bila kuguswa, na pengine huduma ya kukodi inayosimamiwa na watu wengine ingewafaa zaidi. Anayeifunga leo kwa mara ya kwanza aiweke pg_stat_statements kwenye orodha ya kupakiwa, awashe log_lock_waits, aipe log_min_duration_statement kikomo cha sekunde moja au mbili, na aweke mwisho wa kuvumilia miamala iliyolala, kabla ya mteja wa kwanza kuunganishwa.